Sendofu ya Noel

Shauri lilipofikishwa mbele ya Mwalimu Lusekelo Mwaisumo lilikuwa limebakiwa na siku chache tu za kuamuliwa, na hilo lilimuudhi kabla hata hajalisikia lote. Maisha yake yote ya kazi, tangu alipokuwa mwalimu wa zamu hadi alipostaafu ukuu wa shule kule Tukuyu, hakuwa mtu wa kupokea jambo la dharura kutoka kwa yule aliyekuwa na nafasi ya kulileta mapema. Lakini aliyesimama mbele yake pale sebuleni Edmonton, London, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, alikuwa mwanawe wa kumzaa, Noel, dereva wa treni, mtu mzima aliyekwisha kuota mvi kidevuni.

"Kaa, useme," Mzee alimwambia.

Noel akakaa, akasema. Mkewe, Sajenti Eufrasia, fundi wa magari katika jeshi la Uingereza, alikuwa kituoni Nanyuki, nchini Kenya, tangu mwanzo wa mwaka, na alikuwa amebakiwa na miaka miwili huko. Sasa jeshi lilikuwa limemtengea nyumba ya familia. Mume na mtoto wakitaka kumfuata, waseme ndiyo kabla ya mwezi kwisha. Wakikataa, nyumba itapewa wengine.

"Na ukimfuata, kazi yako je?"

"Nitaiacha, Baba."

"Huko utafanya nini?"

"Kwa kuanzia, hakuna. Mpaka nipate kibali cha kazi. Nitamlea Jacqueline na kutunza nyumba."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa leso iliyopigwa pasi, akaivaa tena. Alikuwa anakumbuka jinsi kijana huyu alivyoanza kwa kufagia majukwaa ya stesheni alfajiri, akasoma usiku, akashindwa mtihani, akaurudia, hadi siku alipokabidhiwa treni nzima na watu wake. Alikuwa amempigia simu baba yake Tukuyu akiwa bado amevaa koti la kazi.

"Naye anasemaje?" aliuliza. Hakumtaja mkwewe kwa jina, kwa maana hakuwa na desturi hiyo.

"Anasema tusipokwenda, ataomba kuacha jeshi arudi nyumbani. Wanataka kumpandisha cheo, lakini anasema hataki mtoto akue bila yeye miaka miwili mingine."

Hapo ndipo Mzee alipoliona shauri lilivyo, na halikumpendeza upande wowote. Kwao Rungwe, mwanamume aliyekwenda kuishi chini ya paa la mkewe alikuwa ni yule asiyekuwa na mgomba wala ng'ombe, na watoto walimtungia nyimbo. Lakini pia hakukuwa na mtu kanisani, wala barabarani, wala katika Tukuyu nzima, ambaye Mwalimu Lusekelo hakuwa amemwonyesha picha ya mke wa mwanawe akiwa katika sare, kofia imekaa sawa, mistari mitatu begani. Ama mwanawe achekwe, ama mkwewe aivue sare ile. Na uamuzi ulikuwa mikononi mwake, kwa kuwa Noel hakuwahi kuvuka neno la baba yake hata mara moja.

"Jumapili baada ya ibada, kikao," alisema. "Waarifu wahusika."

Siku zile zilizobaki kabla ya Jumapili, Mzee aliishi kama kawaida yake: asubuhi kusoma, mchana kwenda kumchukua mjukuu shuleni, jioni kusimamia masomo yake. Kuishi kwake Edmonton kwenyewe kulikuwa na sababu. Kwa desturi ya Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso, hawashikani mikono, hawali meza moja. Zamani mwanamke akimwona baba mkwe wake njiani alichepuka akajificha migombani. Dini na shule vilikuwa vimeilegeza sana desturi hiyo, na Mwalimu Lusekelo mwenyewe aliwahi kuwaambia wanafunzi wake kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Hata hivyo mwili wake haukusikia somo hilo. Eufrasia alipokuwapo nyumbani, yeye alikaa Peckham, ng'ambo ya pili ya jiji, kwa binti yake mkubwa, Gladness, mwenye saluni ya kusuka nywele. Eufrasia alipokwenda Nanyuki, ndipo alipohamia Edmonton kumsaidia Noel na mtoto.

Kwa hiyo kila jioni, saa ya simu ya mama ilipofika, Mzee alichukua kikombe chake cha chai, akaenda jikoni, akafunga mlango. Hakutaka uso wa mkwewe umkute hata kwenye kioo cha simu. Lakini nyumba zile za kupangana ukuta kwa ukuta zina milango myepesi, na mtu aliyejitenga kwa heshima husikia kila kitu.

Alisikia, jioni ya Alhamisi, sauti ya Eufrasia ikimwelekeza Noel kumsuka mtoto.

"Gawa katikati, Baba Jack. Siyo hapo. Hapo unampasua mtoto kichwa."

"Nimegawa."

"Hiyo ni njia ya ng'ombe. Anza tena. Jack, mwanangu, vumilia, baba yako aliendesha treni kabla ya kujua kuchana nywele."

Mtoto alicheka, Noel akacheka, na Mzee akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya sinki. Kisha Jacqueline akaanza kumsomea mama yake kitabu cha shule, kwa Kiingereza chake cha Edmonton, kwa kasi. Alisoma, akasoma. Mzee aliona kimya cha upande wa pili kimekuwa kirefu mno. Akafungua mlango kidogo, kwa tahadhari, akachungulia. Kioo cha simu kilikuwa cheusi. Mtandao ulikuwa umekatika zamani. Mtoto alikuwa amekwisha kuona kwamba umekatika. Alikuwa anaendelea kusoma, kidole kwenye mstari, akafika mwisho wa ukurasa, akageuza, akaendelea. Noel alikuwa amesimama nyuma yake na kichana mkononi, wala hakumkatiza.

Mzee alirudisha mlango polepole. Chai ilipoa.

Jumapili wajumbe walifika. Kikao kwa Mwalimu Lusekelo hakikuwa maongezi ya sebuleni. Kilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni yeye, na katibu, ambaye ni Gladness, na kilikuwa na ajenda. Alikuwapo Noel. Alikuwapo Griffins, mtoto wa mdogo wake Mzee, mfanyakazi wa ghala, mtu wa maneno mengi na mwili mkubwa, aliyekaa kwenye kochi la watu wawili na kulijaza. Jacqueline aliruhusiwa kukaa kwenye zulia kwa sharti la kunyamaza. Eufrasia, kwa kuwa hakuweza kukaa kikao kimoja na baba mkwe wake, alikuwa amemtuma wifi yake amsemee.

"Akidi imetimia," Mzee alisema. "Ajenda ni moja. Je, Noel na mtoto wamfuate mama wa mtoto huyu kituoni kwake, au wabaki? Griffins, umenyoosha mkono kabla sijamaliza. Sema."

"Baba mkubwa, mimi nina maswali ya kuelewa tu." Griffins aligeuka. "Binamu, hiyo nyumba ya huko imeandikwa jina la nani?"

"La mke wangu."

"Mshahara wa nani?"

"Wake."

"Na wewe, kwa jeshi, unaitwa nani?"

Noel alisita. "Mtegemezi."

"Mtegemezi," Griffins alirudia, akilitafuna neno lile kama mua. "Katibu, usiliache hilo. Watu wanauza mashamba waje Ulaya. Huyu atakuwa mtu wa kwanza kurudishwa Afrika na serikali ya Uingereza huku akipigiwa saluti, na huko anakwenda kuosha vyombo."

"Hapa nani anaosha?" Noel aliuliza.

"Hapa hakuna anayekuona."

Gladness aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya utaratibu, ambayo wateja wake waliiogopa kuliko kelele.

"Mwenyekiti, katibu anaruhusiwa kuchangia?"

"Anaruhusiwa."

"Wewe ulipohamishwa kutoka Tukuyu kwenda Kilwa, marehemu mama alikuwa na cherehani yake pale sokoni, na wateja wake, na fundi mwanafunzi. Naomba kujua kikao kilikaa lini."

Mzee alikohoa. "Ule ulikuwa uhamisho wa serikali."

"Na huu ni wa nani, Mwenyekiti? Wa mama ntilie?"

Griffins alianza kucheka, akamwona baba yake mkubwa, akameza kicheko.

"Mama aliuza cherehani," Gladness akaendelea, "akapanda lori na mimi mgongoni. Tulipofika Kilwa hakuna aliyemwita mtegemezi. Aliitwa mke wa mwalimu, na kisimani walimpisha. Ndivyo tulivyohama tena kwenda Sumbawanga, ndivyo tulivyokwenda Biharamulo. Mimi nasema Noel naye aitwe mume wa sajenti, na wampishe."

Mzee aliwaona wote wakimtazama, akajua wanangoja aikatae hoja ile. Aligeukia zulia.

"Jacqueline. Simama. Wewe unasemaje?"

Mtoto alisimama, akajibu kwa Kiingereza, kama alivyojibu sikuzote. Siku nyingine babu yake angemkatiza na kumtaka aanze upya kwa Kiswahili. Safari hii alimwacha. Alisema kwamba anataka akisoma, mama awe amekaa pale pale, aone anapogeuza ukurasa. Ni hilo tu. Akakaa.

"Noel."

Noel alisimama. "Baba, nikikwambia kwamba sitaikumbuka treni, nitakuwa nimekudanganya. Naipenda. Lakini treni nikiiacha leo ina dereva kesho asubuhi. Nataka kwenda. Nimesema mbele ya wote ili usije ukadhani kwamba ni mke ndiye anayeniburura."

"Nikikataa?"

"Nitabaki. Sijawahi kukuvunjia neno. Ila Eufrasia atavua sare, na mimi sitaweza kumwambia kwamba ni sisi tuliomvua. Itabidi umwambie wewe."

Maneno hayo yalikwenda moja kwa moja mahali pake. Kila mmoja pale alijua kwamba Mwalimu Lusekelo, katika miaka yote ya ndoa ya mwanawe, hakuwa amemwelekezea mkwewe sentensi hata moja ana kwa ana. Sasa alijiona amesimama mbele ya binti yule, akimwamuru avue mistari mitatu ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiitembeza mfukoni kama cheti.

Griffins, ambaye hakuweza kustahimili kimya kwa muda mrefu, akaliokoa shauri bila kukusudia.

"Basi kama anakwenda, tumfanyie na sendofu kabisa," alisema. "Tumpambe, tumlize kidogo, tumsindikize kwa mume wake. Samahani, kwa mke wake."

Sendofu kwa Watanzania ni sherehe ya binti anayeondoka kwao kwenda kuolewa. Hakuna aliyewahi kusikia ya kijana. Mzee aligonga meza kwa kidole.

"Griffins. Hiyo ni hoja au ni mzaha?"

Griffins alijikuna shingo. Kurudi nyuma mbele ya Gladness kulimshinda. "Ni hoja, Mwenyekiti."

"Inaungwa mkono?"

"Naunga mkono," Gladness alisema kabla swali halijaisha.

Mwalimu Lusekelo alisimama, na kwa mazoea ya miaka mingi wote wakasimama naye, pamoja na mtoto.

"Noel atakwenda kwa mkewe," alisema. "Wala hataondoka kwa kunyemelea, kama mtu aliyefukuzwa shule. Binti wa watu hutolewa kwao mchana kweupe, kwa ngoma, wazazi wamevaa vizuri, ili kila mtu ajue kwamba anatoka kwa watu na anakwenda kwa watu. Mwanangu hatatolewa kwa heshima pungufu ya hiyo. Hoja ya Griffins imepita. Mwenyekiti wa kamati ya sendofu ni Griffins mwenyewe."

"Mimi, Baba mkubwa?"

"Wewe ndiye mwenye hoja. Gauni tu ndilo halitakuwapo. Kikao kimefungwa."

Noel aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika mara moja, akaenda dirishani kana kwamba kuna kitu amekiona barabarani. Hakuna aliyemfuata. Gladness alikwenda jikoni kumpigia wifi yake, na mlango ule mwepesi ukawaletea kigelegele kutoka Nanyuki.

Kamati ilifanya kazi. Griffins, aliyeanza kwa kununa, aligundua katika wiki ya kwanza kwamba ana kipaji cha kuamuru watu, na kuanzia hapo hakuzuilika. Ukumbi ulipatikana Peckham, nyuma ya kanisa. Vitenge vya sare vilichaguliwa na Gladness. Mzee alijitwika jukumu moja tu, la ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuokwa anayeletwa ukumbini amesimama, na kwa ajili hiyo alipanda basi, kisha treni, hadi Kenton, kwenye bucha la Zulfikar, mzaliwa wa Mwanza, aliyewakatia nyama Watanzania wa London tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka mbuzi mzima wa ndafu."

"Mashallah. Nani anaolewa?"

"Hakuna anayeolewa. Ni sendofu."

"Ndiyo, sendofu. Ya mjukuu? Si bado mdogo?"

"Ya Noel."

Zulfikar aliweka kisu chini. "Noel wa treni? Si ana mke?"

"Ndiye tunayempeleka kwake."

Mwenye bucha alimtazama usoni akitafuta dalili ya utani, asiione, kwa kuwa uso ule haukuwa na mazoea nao. "Mwalimu, nimeuza mbuzi wa harusi, wa hitima, wa akika, hata wa watu waliopatana baada ya kesi. Huyu ni mpya kwangu."

"Chagua mnene," Mzee alisema.

Habari zilienea mbele yake. Kanisani wapo waliomsalimu kwa tabasamu la pembeni. Mzee mwenzake mmoja wa Edmonton alimuuliza kama bwana harusi atavaa shela, naye akamjibu kwamba aje aone, kadi anayo. Alikuwa amezoea kutazamwa na watu wengi kwa pamoja, na alijua kwamba anayesimama wima huchosha macho ya wanaomtazama. Lakini nyumbani, akijifunga tai mbele ya kioo asubuhi ya sherehe, vidole vyake vilikosea fundo mara kadhaa. Ikiwa ukumbi utacheka, utamcheka Noel, na Noel atakwenda na kicheko hicho hadi Nanyuki. Jambo lile lingeweza bado kuharibika.

Ukumbi ulijaa kuliko kadi zilizotolewa. Wengine walikuja kwa upendo na wengine kwa udadisi, na wote walikalishwa. Eufrasia alikuwa amefika siku chache kabla, amepewa likizo ya kuja kuichukua familia yake, na kwa siku hizo Mzee alikuwa amerudi Peckham kwa Gladness, kama ilivyo desturi. Hakuwa amemwona.

Karibu na Mwalimu Lusekelo, kwenye viti vya wazee vya meza kuu, alikaa Mzee Soud wa Unguja, fundi saa aliyestaafu, ambaye alionekana kutoelewa minong'ono ilikuwa ya nini.

"Hebu niambie, Mwalimu," alisema. "Hawa wanacheka nini? Kwetu bwana harusi ndiye anayepelekwa kwa bibi harusi, kwa dufu na udi, na anaingia ndani anakaa. Mimi nimekaa nyumba ya mke wangu miaka yote, na sijapungua kilo."

"Yaseme hayo kwa sauti, Bwana Soud."

Bwana Soud akayasema kwa sauti, na meza za jirani, zilizojaa watu wa bara, zikapata jambo la kufikiria.

Ngoma ikapigwa. Noel aliingia, suti ya rangi ya majani makavu, amesindikizwa na wanawake wa ukoo katika vitenge vya sare, Jacqueline mbele akimwaga maua, nywele zake zimesukwa mistari ambayo haikuwa imenyooka yote. Gladness hakuwa ameigusa. Alisema kazi ya baba mtu haisahihishwi siku kama hii. Mzee alisikia vicheko viwili vitatu kutoka nyuma. Aliona shingo ya Noel ikikakamaa. Kisha akamwona mwanawe akiinua kichwa, akitabasamu kwa meno yote, akaanza kucheza. Alicheza vizuri. Wanawake wakampigia vigelegele, na waliocheka nyuma wakajikuta wanapiga makofi kwa mdundo, kwa kuwa ngoma ile haikumwachia mtu nafasi ya kufanya kingine.

Griffins alikuwa mshereheshaji, amevaa koti lenye kung'aa, kipaza sauti mkononi.

"Mabibi na mabwana, tumefika pale tunapopangojea. Katika sendofu, mhusika huutafuta ubavu wake katikati ya wageni. Binamu, ubavu wako umo humu ndani. Wajumbe wa kamati wameuficha. Kautafute."

Noel akapewa shada la maua, akaanza kuzunguka. Alisimama mbele ya mama mmoja mnene aliyejifunika khanga uso mzima.

"Ni huyu?" Griffins aliuliza.

"Siye," ukumbi ukajibu.

"Una hakika? Huyu ana pensheni."

Ukumbi ulicheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha watu walioalikwa. Noel aliipita meza ya vijana, akaipita meza ya kwaya, akafika kona ambako wanajeshi wanawake, wenzake Eufrasia, walikuwa wamekaa katika sare zinazofanana, wote wameupa ukumbi mgongo, kofia zimekaa sawa. Kwa nyuma hawakutofautiana hata kidogo. Griffins alijaza mapafu ili amwekee mizengwe ya mwisho, lakini Noel hakumpa nafasi. Alikwenda moja kwa moja kwa wa tatu, akaweka shada mbele yake mezani.

"Katibu aandike," Griffins alisema, "kwamba bwana hana subira."

Eufrasia akasimama, akageuka, na paa la ukumbi likatikisika kwa vigelegele.

Walitembea pamoja hadi meza kuu. Kadiri walivyosogea, sauti zilipungua upande wa wazee, kwa maana Wanyakyusa waliokuwamo walijua kinachofuata na hawakujua kitafanyikaje. Katika sendofu mzazi humkabidhi mwanawe kwa anayemchukua. Mzee atamkabidhi vipi Noel kwa mkwewe, ambaye hapaswi kumkaribia wala kumtazama?

Eufrasia alisimama mbali kidogo na meza. Hakuinamisha kichwa wala hakunyoosha mkono. Alikusanya visigino, macho yakaelekea juu ya bega la Mzee, mahali ambapo askari huangalia anapomheshimu mkubwa wake, na akapiga saluti. Hakugusa, hakukodoa macho, na hakukuwa na heshima iliyobaki ambayo hakuitoa. Bibi mmoja wa Rungwe alisema kwa sauti, "Eee," kisha akaziba mdomo.

Mwalimu Lusekelo alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Sajenti Eufrasia Mwaisumo," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutoka kinywani mwake kumwelekea mwenyewe. "Huyu ni mwanangu. Nilimfundisha kusoma, kuamka mapema na kutosema uongo. Kuendesha treni alijifunza mwenyewe, kwa shida, na wote mnajua. Kusuka nywele umemfundisha wewe, na bado anahitaji mazoezi. Nilipokuwa nikihamishwa, nilikuwa na mtu wa kunifuata, na kila nilipofika niliheshimiwa kwa sababu yake. Wewe leo umehamishwa. Hutakwenda mikono mitupu. Tunamkabidhi kwako, pamoja na mtoto. Mtu akikuuliza huyu ni nani, usimwambie ni mtegemezi. Mwambie amesindikizwa na ukoo mzima."

"Ndiyo, Baba," Eufrasia alisema, mkono bado kwenye paji la uso.

"Shusha mkono, mama. Utachoka."

Ukumbi ukalipuka. Ngoma ikarudi kwa nguvu, ndafu akaingia begani mwa wapishi, na yule mzee aliyeuliza habari za shela alionekana mstari wa mbele, akicheza na leso juu.

Ndege ilikuwa ya jioni hiyo hiyo. Saa ya kuondoka ilipowadia hakuna aliyekubali kuagana mlangoni. Watu wote wakatoka nao, sare za vitenge na sare za jeshi, wakaijaza barabara ya Rye Lane kuelekea stesheni. Wauza ndizi na samaki wakavivuta vibanda vyao nyuma kuwapisha. Basi la ghorofa likasimama bila kupiga honi, dereva akiwa amefungua dirisha kusikiliza ngoma. Jacqueline alikuwa amemshika mama yake mkono huu na baba yake mkono ule, anaruka kila baada ya hatua chache, nao wanamwinua.

Mwalimu Lusekelo alikuwa ametangulia, amebeba begi kubwa la Noel. Griffins alimkimbilia, jasho likimtoka, akanyoosha mikono kumpokea, kwa kuwa mzee wa Kinyakyusa habebi mzigo njiani akiwapo kijana, na macho ya watu yalikuwa mengi.

"Baba mkubwa, lete. Watatusema."

"Waache waseme," Mzee alijibu, akalipandisha begi begani vizuri zaidi. "Nampeleka mwanangu kwa mkewe."

Akaendelea kutembea, mgongo umenyooka, katikati ya barabara.